Gari Linataka Njia

Jumapili, tarehe 2, mwezi wa tatu

Mwanangu, mama yangu, pokea salamu za kila anayepumua ndani ya nyumba hii. Mimi mama yako sijambo, ila macho ndiyo yanagombana na uzi mweusi ikifika jioni. Baba yako hajambo. Mguu wake wa kushoto bado umekakamaa kama mchi, lakini ulimi unakunjika vizuri tu. Bibi yako hajambo, anasikia anachotaka kusikia, na juzi alimuuliza fundi wa paa mbele ya watu kama ameshaoa. Mwanao Kengele hajambo. Jino la mbele limeng'oka, akalificha ndani ya kiatu changu, nikalikanyaga. Paka hajambo. Cherehani haijambo. Na gari lako, ambalo najua ndilo ulilokuwa unalisubiri katika salamu hizi, liko chini ya bati palepale ulipoliegesha. Halijambo, linavuja kidogo tu.

Ulisema kwenye simu, "Mama, gari likisumbua andika, nikirudi nisome kama cheti cha kliniki." Basi nimegeuza daftari la vipimo vya sare, naandika kuanzia nyuma. Darasa nililoishia unalijua, kwa hiyo maneno yakipanda mlima usinicheke. Ukirudi mvua zikiisha utayakuta yote humu.

Uliniagiza niliwashe mara moja kwa wiki. Mimi naliwasha kila asubuhi. Kitu unachokipenda huwezi kukiamkia mara moja kwa wiki.

Jumatano, tarehe 5

Mvua imeanza. Gari liliwaka.

Alhamisi, tarehe 6

Mvua. Liliwaka. Kengele anakunywa uji wake ndani ya gari, kiti cha nyuma, mlango wazi. Mezani hali. Mle ndani anamaliza mpaka anakwangua bakuli. Nikizima injini anasema, "Bibi, tumefika?" Namwambia tumefika. Anashuka.

Jumapili, tarehe 9

Hukupiga. Najua kule kambini unakoendesha lori mtandao mpaka mpande kile kilima, na kilima kikilowa hakipandiki. Najua. Nilikaa na simu mapajani mpaka ikapata joto.

Jumanne, tarehe 11

Leo nimemwita Fundi Bado kwa sababu ya kuvuja. Bado ni yuleyule, ukimuuliza "tayari?" anajibu "bado", hata ukimuuliza kama amekula. Amelala chini ya gari muda mrefu mpaka bibi yako akauliza kama yuko hai.

Akatoka na habari mbili. Ya kwanza, mpira unaopeleka maji kwenye rejeta ya kupoza injini umechoka, umepasuka mwishoni. Huo ameukata kidogo, akaukaza upya. Ya pili, kule kwenye gurudumu la mbele la kulia kuna kimfuko cha mpira kinachofunika mahali ekseli inapojikunja, kimechanika, grisi yote inarukia nje na matope yanaingia ndani.

Nikamwambia, "Fundi, kitu kilichochanika mimi nakijua. Niletee hicho kimfuko nikishone."

Akanitazama. "Mama, hiki hakina pindo."

"Kila kitu kina pindo."

Baba yako akadakia kutoka kibarazani, "Mwache ashone, fundi! Akimaliza atakiwekea na vifungo."

Basi tumenunua kimfuko kipya. Bei yake ni kama sare tatu za shule, kola na mifuko juu. Baba yako akasema bandu bandu huisha gogo, gari hili litatumaliza. Nikamjibu usipoziba ufa utajenga ukuta. Tukanyamaziana kwa methali mpaka chakula cha jioni.

Jumatano, tarehe 12

Liliwaka vizuri. Nimepeleka sare shuleni, kama kila Jumatano. Nimerudi nimelowa.

Jumapili, tarehe 16

Umepiga. Sauti yako ilikuja na upepo mwingi. Ulimsalimu kila mtu, ukacheka habari ya jino, ukauliza gari, nikakwambia linawaka kila siku. Halafu ukanyamaza, na mimi kunyamaza kwako nakujua tangu hujaanza kutambaa. Ukasema, "Mama, wameniongezea mkataba. Lori langu halina dereva mwingine. Ni mpaka mvua za mwakani."

Nikasema, "Vizuri, mwanangu, kazi ni kazi."

Nilisema vizuri. Niliisikia sauti yangu ikisema vizuri. Kengele akaivuta simu akapiga kelele, "Mama! Leo tumefika mara mbili!" Ukauliza tumefika wapi, mtandao ukakatika. Sasa wewe uko huko hujui mtoto alifika wapi, na mimi niko hapa sijui kama ulisikia nilivyokuaga.

Jumatatu, tarehe 17

Mvua. Gari liliwaka. Sikuwa na cha kuandika.

Alhamisi, tarehe 20

Asubuhi nimezungusha ufunguo, likafanya tik. Tik tu. Kengele akaniambia, "Libembeleze." Nikalibembeleza. Tik.

Fundi Bado amesema ni betri, imekufa. Ameibeba begani mpaka gereji akaichaji, amerudi nayo jioni, gari likawaka. Nimelipa. Baba yako hakusema neno, na hilo ndilo lililonisumbua, kwa sababu baba yako ukimkuta kimya ujue ameshapika kitu.

Jumatatu, tarehe 31

Tik. Betri tena.

Fundi ameichaji tena, kisha akainua mikono. "Mama, kuna kitu kinakunywa moto wa betri gari likiwa limezimwa. Taa, waya, sijui. Nimetafuta sijaona."

Nikamshuku Kengele na taa ya ndani. Akaapa kwa jino lake. Nikamshuku paka, Mungu anisamehe.

Kwenye chai baba yako akatoa alichokuwa anakipika. "Mama nanii," akasema, hata jina lako siku hizi halitamki, "Mzee wa Mbao anataka lile gari. Atabebea mbao zake milimani, linamfaa. Tuliuze likiwa bado linaitwa gari."

Nikamwambia gari si langu wala si lake.

"Mwenyewe kasema mwakani. Mwakani litabaki bati na kutu. Unamtunzia nini?"

Nimeshona mkono wa sare upande usio wake, nikafumua.

Jumatano, tarehe 9, mwezi wa nne

Mvua ya mawe. Nilikwenda kulifunika na mablanketi mawili. La kwanza ni lako lile la maua.

Jumapili, tarehe 13

Hukupiga.

Jumamosi, tarehe 19

Mzee wa Mbao alikuja mwenyewe na buti zake, na fundi wake mwenye spana mpya zinazong'aa kama vijiko vya harusi. Akalizunguka gari akiligonga kwa vidole kama mtu anayechagua tikiti. Akaona kutu chini ya milango, akasema mmh. Akabonyeza pembe ya mbele, gari likashuka na kupanda kama kitanda kibovu, akasema shokapu hizo za kuzuia mtikisiko zimelala, na bushi zake, vile vipira vya kwenye viungo, hazipo. Baba yako alikuwa anaitikia tu, naam, naam, kama mwenye kosa.

Fundi wake akafungua kile kifuniko cha kujazia oili. Akakigeuza. Mwanangu, kwa ndani palikuwa na kitu cheupe, kizito kama krimu ya mgando.

"Hedi imekwenda," akasema. "Maji yameingia kwenye oili. Gasketi imeungua."

Akanieleza mimi maana niliuliza, kwamba kati ya kichwa cha injini na mwili wake kuna karatasi ngumu ya kuzuia maji na oili visikutane. Ikiungua vinakutana, na injini inajinywea sumu. Kuitengeneza ni kuifungua yote. Alipotaja gharama, bibi yako, ambaye hasikii, akasema, "Mungu wangu."

Mzee wa Mbao akashusha bei yake nusu. Akasema kwa upole, "Dada yangu, mimi sikulazimishi. Lakini hili sasa ni chuma. Nikilichukua, nakuondolea mzigo."

Nikamjibu, "Ng'ombe haelemewi na nundu yake."

Akacheka, mtu mzuri kwa kweli. "Sawa. Lakini huyu ng'ombe wako hatembei, dada. Mvua zikipungua nitapita tena, mniambie."

Walipoondoka nilifungua tena kifuniko. Nikachukua ile krimu kwa kidole, nikainusa. Sikujua nanusa nini. Nilitaka tu nijue.

Jumapili, tarehe 20

Umepiga, dakika mbili. Ukauliza gari. Nikasema lipo. Ukasema, "Mama, sauti yako." Nikasema ni mafua.

Jumatano, tarehe 30

Mwanangu, haya ya leo soma umekaa.

Nilikwenda shule na sare kama kila Jumatano. Nimefika, mwalimu mkuu hayupo, stoo imefungwa, nikageuza na furushi langu kichwani, kwa hiyo nimerudi mapema. Bibi yako amelala na Kengele. Baba yako hayupo kibarazani. Mvua ilikuwa ndogo, ile ya kunong'ona, na katikati ya mnong'ono nikasikia mtu anasoma habari. Nikafuata sauti. Inatoka garini.

Baba yako amekaa kiti cha mbele cha abiria. Redio chini chini. Ule mguu amenyoosha, fimbo katikati ya magoti, macho amefumba.

Nikafungua mlango wa dereva. "Unafanya nini humu?"

"Nakaa."

"Ndani hakuna viti?"

Nikamwambia, "Kumbe mnywaji wa betri ni wewe! Mimi namshuku paka!"

"Kila ukienda shule," akasema. "Na ukienda sokoni. Na ukienda kanisani nikisema mguu unauma."

"Mguu hauumi?"

"Unauma. Hata humu unauma."

Nilikuwa na maneno mengi, mwanangu, nilikuwa nayo tayari kwenye meno. Ndipo akasema, bila kufumbua macho, "Hapa ndipo nilipokuwa nakaa nikimfundisha. Alikuwa akibadilisha gia anatoa ulimi. Nikamwambia utaukata siku moja kwenye shimo. Hakuacha."

Nikakaa kwenye kiti chako. Miguu yangu haikufika kwenye pedali, umekiweka nyuma huko, na tangu uondoke sijaruhusu mtu akisogeze. Tukasikiliza bei za mazao mpaka zikaisha.

Nikamuuliza, "Sasa kama hivyo, mbona unataka kuuza?"

"Kila asubuhi ukiliwasha," akasema, "mimi nimelala. Nasikia injini. Naamka, naweka mguu chini, nasema karudi. Kila asubuhi, mke wangu. Hata nikijikumbusha usiku, asubuhi nasahau. Liuzwe nilale."

Miezi yote hii nilimwona mtu mwenye moyo wa jiwe. Mimi nawasha ili nisikie upo, yeye anasikia haupo. Ni injini moja.

Nikamzimia redio, nikamshika mkono akashuka. Bati lilikuwa linadondosha.

Ijumaa, tarehe 2, mwezi wa tano

Nilikwenda gereji mwenyewe. Nikamweleza Fundi Bado yote: redio, krimu, hedi, Mzee wa Mbao. Nikamwambia na habari ya kuliwasha kila asubuhi.

"Unaliwasha muda gani, mama?"

"Mpaka Kengele amalize uji."

"Halafu?"

"Nazima."

"Haliendi popote?"

"Liende wapi?"

Akafuta mikono taratibu, kidole kimoja kimoja. Akasema kuliwasha kunakula moto wa betri, na moto huo unarudi gari likienda, si likisimama kidogo. Kila asubuhi naitoa damu, halafu mzee anakuja mchana kunywa iliyobaki. Na ile krimu, akasema, huenda si hedi. Injini ikiwashwa kidogo ikazimwa haijapata joto, unyevu unabaki ndani, na msimu huu wa mvua ndiyo zaidi. Unachanganyika na oili, unaganda pale juu kwenye kifuniko.

"Huenda?" nikamuuliza.

"Huenda. Inawezekana ni hedi kweli. Sijui bado. Tulijaze maji na oili, tulipandishe mlima wa mnara. Kama hedi imekwenda, litachemka kabla ya kona ya pili na maji yatapungua. Kama halikuchemka, basi halina ugonjwa, mama. Lilikuwa limekaa. Gari linataka njia."

"Na likichemka?"

"Mtampigia Mzee wa Mbao."

Jumamosi, tarehe 10

Mvua imetupumzisha tangu juzi. Leo tumekwenda.

Fundi alikuja na betri iliyochajiwa na dumu la maji. Kabla ya yote alikanyaga pedali ya klachi akaguna, akaingia chini na grisi, akatoka akamwambia baba yako, "Mzee, jaribu." Baba yako akaweka ule mguu mbovu, akakanyaga. Akakanyaga tena. "Hii ndiyo ileile?" Fundi akasema egemeo lake lilikuwa na kutu, ilikuwa inakataa hata mguu mzima. Baba yako akakanyaga mara ya tatu.

Nilipanga nibaki. Bibi yako akawa ameshaingia nyuma na mkoba wake, akasema hashuki. Kengele akaingia na bakuli. Basi na mimi nikaingia, nikakaa katikati yao. Fundi kwenye usukani, naye ni mfupi, akavuta kiti mbele, klak. Nilitaka kupiga kelele. Nikajing'ata.

Tukatoka getini. Mwanangu, kuliona lile bati tupu kwa nyuma!

Shokapu zimelala kweli, kila shimo tulilisalimia kwa makalio. Baba yako macho kwenye mshale wa joto, anautangaza kama mpira. "Uko chini. Uko chini. Unapanda. Katikati. Katikati." Kona ya kwanza. Mimi nilikuwa nasali bila maneno. Kona ya pili, ule udongo mwekundu ulikuwa umeyeyuka, magurudumu ya nyuma yakaanza kusota, gari likaenda kiubavu kama kaa.

"Tupige zote nne, na ya mbele yavute," akasema fundi.

"Hapu hazijafungwa!" akasema baba yako. Nikaona anatafuta mlango na fimbo yake, na fundi amekanyaga breki gari lisirudi nyuma.

Nikashuka mimi. Nilikuona ukifanya mara ngapi, hizo hapu, vile vifundo katikati ya magurudumu ya mbele, unashika, unazungusha mpaka vinasema tik. Nikapiga sketi fundo, matope yakanifika kwenye vigimbi. Gurudumu la kulia, tik. La kushoto limekaza. Nikakishika kifundo chake kwa upindo wa sketi nikakizungusha kwa hasira zote za tangu mwezi wa tatu. Tik.

Baba yako alikuwa amechomoza kichwa dirishani. "Nani kakufundisha?"

"Huyo uliyemfundisha wewe."

Gari likapanda. Polepole, magurudumu yote manne yakitafuna, kama bibi yako na muwa, lakini likapanda mpaka juu. Mshale katikati. Fundi akazima, tukangoja lipoe. Akafungua rejeta kwa kitambaa: maji yamejaa vilevile. Akafungua kifuniko cha oili. Ile krimu imebaki kama ukungu mwembamba tu ukingoni, inatoka kwa kidole.

"Hedi nzima?" nikauliza.

"Bado," akasema. Halafu akacheka, mara ya kwanza namwona meno yote. "Nzima, mama. Nzima."

Bibi yako akasema, "Mmesema nini?" Tukamwambia. Akasema alijua.

Kutoka pale juu barabara unaiona yote. Inashuka upande wa pili, inapita msitu wa mipaini, inakwenda mpaka inakuwa uzi, halafu hata uzi hauonekani. Kengele alisimama kwenye kiti, ametoa kichwa dirishani. Akauliza, "Mama yuko huku?"

Nikamwambia, "Ndiyo. Mbele huko, mbali."

Fundi alikuwa ameshawasha, anakata usukani arudi nyumbani.

"Sasa mbona tunageuza?"

Fundi alisimamisha gari likiwa limekaa kiubavu barabarani. Nikamtazama baba yako kwa nyuma, shingo yake. Akanyoosha mkono akafungua mlango, akashuka na fimbo, akazunguka mpaka upande wa dereva. "Nipishe, kijana."

Akasukuma kiti nyuma, klak, mpaka palepale ulipokuwa umekiacha. Pamemtosha. Kumbe miguu yako ni miguu yake, miaka yote sikuiona.

Leo alitugeuza, akaturudisha nyumbani yeye mwenyewe. Jioni haikuwa na methali.

Jumapili, tarehe 11

Mwanangu, daftari hili nilikuwa nalitunza ulisome ukirudi. Sasa nalituma. Lori la mahitaji ya kambi linaondoka kesho, dereva wake ameahidi kukukabidhi mkononi, nami nimemshonea mfuko wa suruali bure.

Mzee wa Mbao tumemwambia hapana. Amesema sawa, ila bushi mbadilishe. Tutazibadilisha, na shokapu za mbele, nimeshapokea kazi ya kushona sare za shule nyingine. Asubuhi siliwashi tena kwa uji. Leo Kengele amekula mezani. Nilimwambia atakula garini siku tukiwa na pa kufika.

Ule mji wa daraja, ambao ni nusu njia kwako na nusu kwetu, baba yako anasema anamudu kutuendesha hadi hapo tukutane nawe, tukilala njiani kwa watu wa fundi. Bibi yako ameshafunga mkoba, nimeufungua, ameufunga tena. Kengele anauliza kila saa.

Tuambie siku gani wanakupa ruhusa. Usingoje Jumapili wala kilima kikauke. Mpe jibu dereva huyuhuyu, hata kwa mdomo, hata siku peke yake bila salamu. Upesi, mama yangu. Gari lisije likakaa tena.